MJADALA: Vijiji visivyo na mtandao vipewe masafa vijijengee minara?

Mleta mada:
Wadau, kila tukigusia mawasiliano nafuu vijijini jawabu ni lile lile: kampuni zibembelezwe, zipunguziwe kodi, zitajenga. Nasema hazitajenga. Mnara unataka umeme, mlinzi na fundi, uwe unahudumia watu mia tano au laki moja. Nani atachagua mia tano? Na masafa ya eneo hilo, yaani mawimbi ya redio yanayobeba simu, kampuni imeshayalipia, yamelala tu, ila mwanakijiji akiyagusa anavunja sheria.

Talea de Castro, mji mdogo wa milimani Oaxaca, Meksiko, kampuni kubwa ziliukwepa. Mwaka 2013 wenyeji wakasimamisha mtambo wao wa simu kwa programu huria, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, wakisaidiwa na shirika la Rhizomatica. Mwaka 2016 serikali ikatoa leseni ya masafa kwa mtandao wa jamii za wenyeji wa asili. Kwingine kunashindikana nini?

Mchangiaji 1:
Mkuu, radi ikipiga nani anapanda? Fundi aliyefundishwa akishaujua ujuzi anahamia mjini, mtambo unabaki pambo. Halafu ule wa Talea ulikuwa wa 2G, sauti na ujumbe mfupi. Leo kijana utamwambia nini?

Mleta mada:
Radi nakubali. Ndiyo maana ada ya mwezi iwe na fungu la matengenezo na fundi alipwe mshahara. Mambo ya kujitolea hayafiki mbali. Lakini wakubwa nao huondoka. Loon, mradi wa maputo ya intaneti wa kampuni mama ya Google, ulianza huduma Kenya Julai 2020. Januari 2021 ukatangazwa kufungwa, gharama hazishukiki. Hao walikuwa na pesa!

Mchangiaji 2:
Mnagombania mnara wakati wengi wa wasiotumia intaneti duniani wanaishi palipo na mtandao tayari. Kikwazo ni bei ya simu. Kampuni ya simu ya Grameenphone, Bangladesh, kuanzia 1997: mwanamke anakopeshwa simu, anawauzia majirani dakika, kijiji kizima kinaongea. Anzieni hapo.

Mleta mada:
Palipo na mawimbi, sawa kabisa. Pasipo nayo, simu ya mkopo itashika nini? Wanaopinga wanijibu hili moja: kampuni ikikaa na masafa ya eneo miaka mitatu bila kuyatumia, kwa nini yasichukuliwe wakapewa wanaoishi pale?