Skiti ya chombo cha angani, mbona wa Pwani ndo wa kuchekwa?

kijana_kisauni: Salaam wadau. Kikundi chetu twaandika skiti ya kuiga zile muvi za anga za juu, kapteni, roboti, majitu ya sayari zingine, mbwembwe zote. Sasa skripti imekuja na injinia wa Pwani ambae kazi yake kulala tu na kusema "pole pole" chombo kikiwaka moto, halafu kuna Mdigo wa kutoa majini kwenye injini. Wenzangu wacheka, mimi imeniuma. Nikisema naambiwa hii ni komedi, wacha ukali. Mwaonaje, tuwatoe?

binti_mji_wa_kale: Injinia msimtoe kaka, badilisheni anaechekwa. Tazameni muvi ya Galaxy Quest ya 1999, ya wasanii wa kipindi cha anga cha TV, ile yaiga Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya chombo cha angani. Sigourney Weaver mle ndani kazi yake chomboni ni kurudia maneno ya kompyuta, basi, na ajua ni upuuzi na akiambiwa awaka. Humcheki yeye, wawacheka walioandika mwanamke apewe nafasi kama ile. Na Tony Shalhoub, mtu wa asili ya Lebanon, aigiza msanii aliepewa uhusika wa jina la Kichina, hapo Hollywood yasutwa peupe kabisa.

abuu_tudor: Sawa dada lakini hata hiyo, kapteni ni mzungu na ndie shujaa. Star Trek yenyewe ya 1966 ilimuweka Nichelle Nichols kwenye mawasiliano, mwanamke mweusi, enzi hizo! Alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King akamsihi abaki. Wanaoiga wengi huchukua kapteni na mavazi, yule mama wamuacha nje.

ammi_wa_malindi: Wanangu, satelaiti ya Uhuru ilirushwa huku kwetu, jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, 12 Desemba 1970, ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Basi injinia wa Pwani kulala kwatoka wapi? Mpeni yeye ndie ajuae, na kapteni abishane nae mpaka injini izime. Huyo wa majini mtoeni, hana kazi mle ila kuchekewa kabila lake, na hilo mimi silikubali hata kidogo.

kijana_kisauni: Shukran ammi, shukran dada. Nshaanza kuandika, kapteni asoma kitabu cha maelekezo kwa sauti kuubwa na injinia ashatengeneza zamani, yuko pale amngojea afike ukurasa wa mwisho. Na kwenye mawasiliano twaweka msichana, tena yeye ndie atakaekataa amri ya kapteni.