Nyumba iliingia maji nikiwa mjamzito, ubongo wa mtoto utakuwa salama?

mamakijacho_dar:
Habari zenu wakuu. Niko Dar, mimba yangu ya kwanza, ina wiki 24. Mwezi uliopita maji yaliingia ndani usiku, tukatoka na nguo za mwilini tu. Sasa tumejibana kwa shemeji. Usingizi sipati, mvua ikianza tu moyo unakwenda mbio. Jirani kaniambia mama akipata mshtuko mkubwa mtoto huzaliwa na akili nzito. Ni kweli? Kuna ninachoweza kufanya? Naombeni ushauri, wa kunikejeli apite tu.

baba_zuhura:
Pole sana dada. Mke wangu alifiwa na baba yake akiwa na mimba kubwa, na binti yetu shuleni anafanya vizuri tu. Jirani asikutie presha.

mkunga_wa_zamu:
Pole mdogo wangu. Namshukuru baba Zuhura, ila mtoto mmoja hathibitishi jambo, na wewe unastahili jibu kamili.

Mama akiwa na msongo, mwili humwaga homoni ya kotisoli. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoivunja sehemu kubwa kabla haijamfikia mtoto, lakini msongo mkali ukidumu kinga hiyo hulegea. Kwa hiyo jirani hakutunga yote. Januari 1998 kule Quebec, Kanada, mvua ya barafu ilikata umeme kwa mamilioni ya watu, wengine kwa wiki kadhaa katikati ya baridi kali. Watafiti wakawafuatilia watoto waliokuwa tumboni. Wale ambao mama zao walipata dhiki kubwa zaidi walikuwa, kwa wastani, nyuma kidogo katika lugha na vipimo vya akili. Wastani wa kundi hautabiri mtoto wako.

Sasa sikiliza hili, maana linakuhusu zaidi. Baada ya mafuriko ya Queensland, Australia, mwaka 2011, walifuatiliwa pia wajawazito. Watoto ambao mama zao walihudumiwa na wakunga walewale tangu mimba hadi baada ya kujifungua walifanya vizuri zaidi katika baadhi ya vipimo vya ukuaji wakiwa na miezi 6. Kwetu si rahisi kumpata nesi yuleyule kila mara, lakini jaribu kwenda kliniki siku ambayo yupo yule aliyekuzoea, umweleze mafuriko na usingizi. Usiishie kupimwa presha na uzito ukaondoka. Hofu hii ikizidi wiki mbili, au ukianza kujisikia huna maana, sema wazi, kuna msaada.

Na huko kwa shemeji mnapikia wapi?

mamakijacho_dar:
Asante dada, nimelia tena ila kwa kupata nguvu. Jiko la mkaa liko ukumbini, mvua ikinyesha tunafunga mlango. Pia huwa natafuna pemba, kichefuchefu kikizidi.

mkunga_wa_zamu:
Hayo mawili yananitia wasiwasi kuliko ule usiku wa maji, na yote yako mikononi mwako.

Mkaa uliokolea, hata usipotoa moshi, unatoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na ubongo wa mtoto unaitegemea damu yako. Jiko liwekwe barazani. Mvua ikizuia, dirisha na mlango viwe wazi na wewe ukae mbali, mwingine apike.

Pemba acha kabisa. Udongo wa kutafuna unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, na hakuna kiwango kilichothibitika kuwa salama kwa ubongo wake. Tena hamu ya udongo mara nyingi huja na upungufu wa damu: waombe wakupime wingi wa damu, na vidonge vya kuongeza damu usiviruke. Dagaa na maziwa vikipatikana, kula.

baba_zuhura:
Mumeo yuko humu? Hilo jiko alihamishe yeye leo hii.

mamakijacho_dar:
Hayumo humu, ila nimemsomea yote. Ameshalitoa nje, anatafuta bati la kulikinga na mvua. Kliniki yangu ni Alhamisi, nitawaambia kila kitu.

mkunga_wa_zamu:
Vizuri sana. Ila mtoto akipunguza kucheza, ukitokwa damu au maji, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, usingoje Alhamisi. Nenda saa hiyohiyo, hata usiku.