Mjadala: Kemikali iliyoishia kwenye utafiti wa dawa, forodha wanataka irudi vipi nje?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinasamehe ushuru kwa bidhaa inayoingia kwa matumizi ya muda. Inatakiwa itoke tena ndani ya miezi 12, na mwingizaji anaweka fedha au dhamana hadi itoke. Kwa mtambo wa kuchimba visima au kamera za wapiga filamu, sawa. Kwa kemikali ya maabara sharti hilo halitekelezeki. Asetonitraili, kimiminika cha kuyeyushia, ikishapita kwenye mashine ya kuchambua dawa, kinachobaki ni taka ya sumu ndani ya dumu. Sampuli sanifu, yaani ile safi ya kulinganishia vipimo, ya miligramu 50 inayeyushwa yote. Nirudishe nini?

Maabara niliyokuwa nikifanyia kazi iliingiza kiambata ambacho bado hakijawa dawa popote, tukishirikiana na chuo cha nje. Wakala wa forodha akatupitisha kwenye uingizaji wa muda. Mwaka ulipokaribia kwisha tulikuwa na chupa tupu na daftari la majaribio. Dhamana ikaendelea kushikiliwa kwa kuwa hatukuwa na hati ya kutoka. Aliyeumia ni mwanafunzi wa uzamili, maana pesa yake ya vitendanishi ndiyo iliyofungiwa humo.

Ninachodai: sheria itamke wazi kwamba kemikali iliyotumika yote kwenye jaribio, kwa kumbukumbu zinazokaguliwa, ihesabiwe kama imetoka. Marekani wanafanya hivyo. Kitu kilichoingia kwa muda kwa ajili ya majaribio kikiharibika katika majaribio hayohayo, dhamana inafutwa baada ya uthibitisho. Ulaya nao, kwa kanuni namba 1186 ya 2009, wana msamaha wa kemikali za utafiti usio wa kibiashara kwa taasisi zilizoidhinishwa.

Wakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam

Mkuu, pole, ila mlielekezwa njia isiyowafaa. Kemikali nyingi za sura ya 28 na ya 29, zile sura za kemikali katika jedwali la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ziko asilimia sifuri tayari. Ushuru mnaoupigania mara nyingi haupo. Kinachouma ni VAT ya asilimia 18, na zaidi ya hiyo, siku za kusubiri. Vimeng'enya vinatakiwa vikae nyuzi 20 chini ya sifuri, na barafu kavu haisubiri mtu. Mkemia Mkuu ana kibali chake, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wana chao, kila mmoja kwa wakati wake. Nimewahi kukabidhi boksi lililosamehewa kila kitu huku kilichomo kimeshaharibika. Mwenye mzigo alisaini huku analia. Mimi ningeanza na vibali kabla ya kugusa kifungu cha 117.

Mkaguzi mstaafu

Mimi napinga. Kumbukumbu za matumizi anaandika nani? Huyohuyo aliyesamehewa. Anhidridi ya asetiki ni kemikali halali ya maabara, na ndiyo inayogeuza mofini kuwa heroini. Efedrini inatengeneza methamfetamini. Zote mbili zimo kwenye orodha za mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya. Methanoli nayo, ikichepushwa kidogo tu kwenda kwa wapika pombe, watu wanapofuka na kufa. Hati ya kutoka inasumbua, lakini mzigo unaopita mpakani unaonekana kwa macho. Ukisema "imeisha" naona chupa tupu tu, na chupa mtu anaweza kuimwaga popote.

Kutoka Kilifi

Huku Kenya, hata ushuru ukiwa sifuri kuna ada ya tamko la uingizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2. Niongeze jambo moja. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi saba, hapa Kilifi, na kwenu Bagamoyo na Korogwe. Utafiti wa ukubwa huo unakuja na watu wake wa kufuatilia mizigo. Mhadhiri mwenye wanafunzi wawili anafuatilia mwenyewe, kati ya kipindi na kipindi. Msamaha usipoandikwa kwa kumfikiria yeye, watakaoufaidi ni walewale wenye wanasheria.

Mleta mada

Wakala, nakubali kuhusu sifuri, lakini dhamana yetu ilikokotolewa kwa kodi zote, VAT ikiwemo. Na vibali umesema kweli tupu. Maombi yote yangepokelewa dirisha moja, kabla ndege haijatua.

Mzee mkaguzi, hofu yako siidharau. Basi kemikali zote za orodha za 1988 zisiguswe, na methanoli nayo itolewe. Kwa zinazobaki, taka ipimwe na Mkemia Mkuu kabla ya kuteketezwa, uzito ulinganishwe na ulioingia. Asetonitraili inabaki kwenye dumu la taka, inapimika.

Mkaguzi mstaafu

Kwa sampuli sanifu za miligramu niko nawe, hakuna anayeuza hizo mtaani. Kwa madumu bado. Sehemu ya asetonitraili inakuwa mvuke, na dumu la taka linajazwa maji kwa urahisi. Uzito peke yake hautoshi; lazima taka ichambuliwe imebeba nini. Gharama ya uchambuzi huo analipa nani?

Mleta mada

Mwingizaji. Na bado itamgharimu kidogo kuliko dhamana iliyolala mwaka mzima.