Mjadala: Wakati wa janga, kufanyia kazi nyumbani kuwe hiari ya bosi?

MLETA MADA: Wakuu, tujadili hili kabla janga jingine halijatukuta. Msimamo wangu: kampuni zihimizwe kazi inayowezekana nyumbani ihamie nyumbani tangu wiki ya kwanza, vikao vifanyike mtandaoni. Machi 2020 jijini Seoul, Korea Kusini, kituo kimoja cha kupokea simu kilikuwa na wafanyakazi 216 kwenye ghorofa ya 11. Waliopata Uviko-19 ni 94, wengi wao wa upande mmoja wa ghorofa, meza zimebanana na watu wanaongea kutwa. Na kazi yenyewe ni simu na kompyuta!

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, hapo napinga. Msafishaji na mtu wa ghala umewaweka wapi? Hata Marekani, wachumi Jonathan Dingel na Brent Neiman walikadiria mwaka 2020 kuwa ni asilimia 37 tu ya kazi zote ndizo zinazoweza kufanyika nyumbani kikamilifu. Halafu mimi nimeyaishi hayo. Chumba kimoja, watoto wawili, bosi anataka kamera iwake muda wote, na bando nanunua mwenyewe.

MLETA MADA: La bando naliunga mkono kwa mikono miwili. Ureno ilipitisha sheria mwaka 2021: mwajiri alipie gharama za ziada, na asimsumbue mtu nje ya saa za kazi. Ila msafishaji naye ananufaika, ndugu yangu. Wenye meza wakibaki kwao, yeye anapanda lifti yenye watu wawili badala ya kumi.

MCHANGIAJI WA PILI: Nasimamia watu tisa. Kilichotuchosha ni vikao. Swali la dakika moja mlangoni liligeuka kikao cha saa nzima. Binti aliyeajiriwa kipindi hicho alikaa wiki tatu hajui amuulize nani, mpaka tulipompangia mwenzake wa kumpigia kila asubuhi, dakika kumi tu. Akachangamka. Kwa hiyo inawezekana, lakini mnaposema "kuhimiza" mnamhimiza nani? Mwenye bosi mkali hathubutu kuomba. Atakwenda ofisini hivyo hivyo, na kikohozi chake.

MLETA MADA: Hapo umenigusa, dada. Nilipoandika mada nilitaka kampuni zihimizwe tu. Sasa naona serikali ikishatangaza mlipuko, iwe lazima, na mwajiri anayemtaka mtu ofisini ndiye aeleze kwa nini. Nani anapinga?