Kupanda mipaina kwenye nyasi za milimani, huo nao ni uhifadhi?

Mleta mada: Wakuu salama? Mi nimechoka, kila zikifika kampeni za kupanda miti lazima mtu aseme kilima cha nyasi ni pori tupu kwa hiyo kipandwe. Kule Nyanda za Juu Kusini, Mufindi, Njombe, Makete, nyasi za asili zimegeuka mipaina na mikaratusi halafu tunapongezana. Mjusi joto lake analipata juani, asubuhi asipoota jua hawezi kukimbia wala kuwinda, hata chakula hakisagiki vizuri, sasa mipaina ikishafunga juu chini ni giza, baridi na sindano tupu, kinyonga wa Goetze anayekaa kwenye nyasi na vichaka vya huko aende wapi? Kitulo wakaifanya hifadhi ya taifa 2005, safi sana, ila ilikuwa hasa kwa ajili ya maua, reptilia wamepata lifti tu.

Mdau wa Kirumba: We kaa Mwanza uongee, nyumba yako umeezeka kwa mbao za wapi kama sio Mafinga? Nguzo za umeme je? Wenzako paina ndo inasomesha watoto, we unamlilia kinyonga ambaye hata hapa akionekana njiani watu wanatimka.

Mleta mada: Mbao za Mafinga, sikatai. Sijasema yaliyopandwa yang'olewe, nasema nyasi za asili zilizobaki ziachwe, paina iende kwenye mashamba yaliyochoka.

Mdau wa Nyegezi: Moto mnausahau. Ukiwashwa mwisho wa kiangazi nyasi zimekauka kabisa unafagia kila kitu, na kinyonga mbio hana. Bora uchomwe mapema, vipande vipande, nyoka na mijusi wapate pa kuhamia. Kuzuia moto moja kwa moja nako sio, vichaka vinakuja kumeza nyasi.

Mleta mada: Hapo umenena. Na msione ni mambo ya Makete tu, yule mjusi wetu wa kwenye mawe, dume kichwa chekundu mwili wa bluu, kitaalamu anaitwa Agama mwanzae tangu 1923, jina la mji wetu kabisa, naye bila jua hana maisha. Wakija kufunika vilima vyetu vya mawe kwa mikaratusi tutamtetea?

Mdau wa Kirumba: Huyo sawa, watalii wa kisiwa cha Saanane hapa Mwanza wanampiga picha. Kinyonga bado hujanishawishi.