Tupeane uzoefu: kazi yako ikitumiwa na mwengine ulifanyaje?

Kamera ya Kuze
Watu wa Mombasa, hebu semeni, nani kashaona picha, biti ya muziki ama mchoro wake ukiliwa na mwengine? Yalokukuta wewe, si ya kusikia. Nianze mie. Nlimpiga biarusi mkono wa hina, piko bado mbichi yang'aa, baadaye nkauona uo huo mkono kwa bango la saluni. Kufuatilia, alowauzia ni bwanaarusi mwenyewe! Nkataka kushtaki, wakili akanambia tulia kwanza, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 yasema kazi ya kuagizwa, haki yahamia kwa alokuagiza, isipokuwa mmeandikiana vyengine. Yani nakesha mie, mali yake yeye. Siku hizi bila karatasi sishiki kamera, hata kama ni binamu yangu.

Fundi Biti Likoni
Pole kaka. Mie biti nlimtumia jamaa asikize tu, akaingiza sauti akatoa wimbo, nkimuuliza anijibu eti "kwani umesajili?" Hapa wengi wachanganyikiwa jamani, ukishaitunga na ukairekodi tayari ni yako, kusajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni hiari, ila cheti chasaidia mkibishana. Nkamtumia skrinishoti ya projekti kwa laptopu yangu na tarehe zake zote, hela ikaingia M-Pesa bila kelele.

Mchoraji Majengo
Mie natoa bure, tena kwa kupenda. Michoro yangu ya samaki wetu, changu, tafi, pono, naiweka na leseni ya Creative Commons, zile za kuwaruhusu watu watumie kazi yako kwa masharti, ile BY-NC: mwalimu atumie, abadilishe, mradi ataje jina langu (ndo BY) na asifanyie biashara (ndo NC). Duka moja likawachapa kwa fulana likauza, nkawaandikia hiyo NC mmeiruka, wakaziondoa. Lakini leseni hizi hazirudi nyuma, unaweza kuacha kuitoa ila alochukua jana ana haki yake bado, kwa hivo usibandike tu kwa sababu umeona wenzako wabandika.

Shemeji Kisauni
Na picha za Google si za bure?

Mchoraji Majengo
Google yakuonesha tu, mwenyewe yuko. Fungua ukurasa uliotoka usome leseni.

Fundi Biti Likoni
@Kamera ya Kuze karatasi yako yasemaje?

Kamera ya Kuze
Fupi tu: hakimiliki yabaki kwangu, maharusi wachape na kuposti watakavyo, biashara tuzungumze kwanza. Kuna mmoja alikataa kusaini, nkampa bei ya kuninunua haki zote, akaomba kalamu.