Kundi la samaki wa mapambo Dar limejaa, tugawe vipi mijadala?

Ngege wa Tegeta
Wakuu, habari za majukumu. Kundi letu la wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Dar liko WhatsApp na linakaribia watu 700. Kila kitu kinapita mlango mmoja. Mtu anauliza kwa nini guppy wake wanahema juu ya maji, kabla hajajibiwa zinamwagika picha za matangi yanayouzwa Kariakoo, kisha salamu za Ijumaa, na swali limezama. Namna ya kuosha filta tunaielezea upya kila wiki.

Viongozi wamependekeza vyumba 16: guppy, goldfish, betta, samaki wa Ziwa Tanganyika, wa Ziwa Nyasa, mimea, pampu, taa, chakula, magonjwa na kuendelea. Vyumba vingapi vinatosha, na tugawe kwa kigezo gani? Majibu mazuri ya zamani tuyaokoeje? Wapo pia wanaotaka tuhamie Telegram.

MajiKwanza
Mkuu, 16 ni vingi mno. Katika watu 700 wanaoandika ni wachache, na ukiwatawanya hivyo chumba cha taa kitakaa kimya, atakayeuliza humo hatajibiwa, na kesho atarudi kuuliza palipo na watu.

Kugawa kwa aina ya samaki ndiko kunakoharibu zaidi. Goldfish anayehema juu ya maji na guppy anayehema juu ya maji mara nyingi wana shida ileile: amonia (sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula) imepanda au hewa imepungua. Anayejua jibu huenda hafugi hata mmoja wao, kwa hiyo hataingia chumba chao. Gawa kwa shida iliyomleta mtu: Dharura, Tangi Jipya, Vifaa na Umeme, Soko, na Baraza la picha na soga. Kisha weka Maktaba ambayo viongozi pekee wanaandika.

Tangi Jipya lipe uzito wake. Bakteria wanaogeuza amonia huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga, na maswali mengi ya wageni yanatoka ndani ya wiki hizo. Ukiyatenga, Dharura inapumua.

Aina ya samaki ningeitengea chumba kwa sababu moja tu, ikiwa maji yao yanatofautiana. Samaki wa Tanganyika na Nyasa wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) kuanzia karibu 8. Anayemshauri mwenzake aweke magogo na majani makavu ili kulainisha maji ya betta atawaumiza hao wa maziwani. Hicho kiwe kimoja kwa maziwa yote mawili, na kifunguliwe mijadala yao ikishakuwa mingi.

Dharura bila fomu haina maana. Bandika juu kabisa, kila anayeuliza ajaze:

Tangi lina lita ngapi (urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000, tangi la 80 × 35 × 40 ni lita 112). Lina umri gani. Samaki wangapi, wa aina gani. Maji ni ya bomba la DAWASA, ya kisima au ya boza. Yalibadilishwa lini, kiasi gani. Filta ilioshwa lini, kwa maji gani. Picha moja ya samaki na moja ya tangi zima.

Chanzo cha maji msikiache. Ya bomba yana klorini (dawa ya kuua vijidudu), visima vingi vya Dar vina chumvi, na ya boza hujui yamechotwa wapi. Swali la filta nalo linafichua mengi, maana ukiiosha kwa maji ya bomba yenye klorini unawaua bakteria na amonia inapanda baadaye. Ioshwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe.

Bi Mwani
Kwa mpango huo Telegram inafaa. Kundi linabeba hadi watu 200,000, na ukiweka historia ionekane kwa wanachama wapya, anayeingia leo anasoma ya nyuma yote.

Ingia kwenye kuhariri kundi, washa "Topics", yaani mada, ndivyo vyumba vyenyewe ndani ya kundi. Ujumbe wote wa zamani utaingia chumba cha "General". Hakifutiki, ila kinaweza kufungwa au kufichwa, kwa hiyo kigeuzeni Baraza. Halafu nendeni kwenye ruhusa za wanachama, mzime ruhusa ya kuunda mada. Mkisahau hapo, mtakuta vyumba vingi kuliko hivyo 16.

Kasoro yake ni kwamba ujumbe uliowekwa pasipo pake hauhamishiki. Kiongozi anaufowadi chumba sahihi, kisha anafuta wa mwanzo. Mfanye hivyo mapema, kabla majibu hayajaufuata.

Pampu Baridi
Naheshimu hoja ya dada Mwani, lakini wengi wananunua bando la WhatsApp peke yake. Ukihamisha kundi lote, unaacha nyuma watu ambao tangi lao likichafuka usiku hawana pa kuuliza.

WhatsApp nayo ina jumuiya, yaani makundi kadhaa chini ya mwavuli mmoja, tangu 2022. Kundi la sasa mnaliingiza humo kama lilivyo bila kupoteza ujumbe, mnaliita Baraza, kisha mnaongeza Dharura, Tangi Jipya na mengine pembeni. La matangazo linakuja lenyewe, na viongozi pekee wanaandika. Kila kundi mwisho wake ni watu 1,024, bado mna nafasi. Kumbukeni tu kwamba ndani ya makundi ya kawaida namba za simu zinaonekana kwa wote, na aliyeingia leo hakuti mijadala ya miaka iliyopita.

Ningeweka mazungumzo WhatsApp na Maktaba peke yake Telegram.

Ngege wa Tegeta
Hilo la Pampu Baridi linatuingia akilini. Soko je? Ndilo linalotuletea ugomvi.

MajiKwanza
Tangazo lisilo na bei lifutwe. Liwe na bei kwa shilingi, eneo (Mbezi, Temeke, Kigamboni), ukubwa wa samaki kwa sentimita na picha halisi, siyo ya kuokota mtandaoni. Muuzaji mmoja, tangazo moja kwa wiki. Kikishauzwa, alifute au aandike "kimeenda". Maswali ya bei yaishie faragha. Na kwenye Dharura asiruhusiwe mtu kuuza dawa, kwa sababu mwenye samaki anayekufa atanunua chochote atakachoambiwa.

Kuhusu Maktaba, msihamishe mazungumzo mazima. Chukueni maswali yanayojirudia zaidi, kumi yanatosha kuanza: kuosha filta, klorini, kubadilisha maji, umeme ukikatika, madoa meupe mwilini na mengine ya namna hiyo. Kila moja liandikwe upya kwa aya mbili tatu, lisomwe na wazoefu wawili kabla ya kubandikwa, na liwe na tarehe. Swali likirudi, tuma kiungo cha jibu.

Fungueni Dharura na Soko kwanza, kwa kuwa ndivyo vinavyogongana. Vingine vifuate baada ya wiki mbili, kila chumba na wasimamizi wawili wenye majina yaliyobandikwa juu. Dharura iwe na watatu, mmoja awe mtu anayekesha.

Bi Mwani
Kwenye jibu la klorini, ongezeni kwamba kuacha maji wazi kwa saa 24 kunaondoa klorini ya kawaida, lakini kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia) haiondoki kwa njia hiyo, inahitaji dawa ya kutibu maji.

Ngege wa Tegeta
Nimelinakili. Fomu ya Dharura inabandikwa leo jioni, wasimamizi tunawachagua Jumamosi.